Kibanja cha Mama Nje ya Mstari

Nyumba yetu iko Rebero, upande ule ambao kilima kinaanza kushuka, na nyuma ya ukuta wetu hakuna nyumba nyingine. Kuna mteremko wa nyasi, kuna mikaratusi, halafu kuna bonde. Dalali aliyetuonyesha kiwanja alilitaja jambo hilo kabla hajataja maji wala umeme. "Hapa chini hakuna mtu atajenga," alisema. "Ni mpaka. Mpango wa mji umesema." Mume wangu akaliangalia bonde, akaniangalia mimi, na hapo nikajua tumeshanunua.

Nilizoea kuusifu mpaka ule. Wageni wakija nawapeleka nyuma ya nyumba kwanza, chai baadaye. Nawaeleza kwamba Kigali inakua, kila kukicha kuna paa jipya, na kama hakuna mtu wa kuchora mstari na kusema mji unaishia hapa, nyumba zitateremka kila kilima mpaka zikutane mabondeni, na mvua ikija maji hayatakuwa na pa kupita ila sebuleni kwa watu. Nawaambia mboga wanazonunua sokoni Kimironko zinalimwa hapo hapo nyuma ya mji, na kila chumba kinachojengwa huko kinakula shamba la mtu. Niliyaamini haya na bado nayaamini. Wageni waliitikia kwa vichwa, wakapiga picha. Kuusifu mstari ni rahisi ukiwa umekaa upande unaofaa, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake hasa, maana ukuta wangu ndio mstari wenyewe.

Lazima niseme pia kwamba nafundisha Kiswahili. Nafundisha shuleni, na jioni nafundisha watu wazima wa maofisini wanaotaka kwenda kufanya biashara Dar es Salaam bila kuchekwa. Nina sifa mbaya darasani. Mtu akisema "mimi iko na swali," namjibu, "basi litoe, lisikuumize." Akisema "ninakura" badala ya ninakula, namuuliza kura hiyo amempigia nani. Wanacheka, na mimi nacheka zaidi yao. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na walinisema mimi.

Mama yangu alikuja kukaa kwetu baada ya baba kufariki. Sisi ni Wahaya wa Kagera, ingawa Uhaya wangu ni wa kuhadithiwa. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, nikakulia Mwanza katika nyumba za kupanga, kisha bweni, kisha chuo, ambako ndiko nilikompata mume wangu, Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Tanzania. Kijijini tulikwenda Krismasi tu. Wazazi wangu walirudi huko baba alipostaafu, wakaishi katika kibanja cha ukoo. Baba alipokufa, ndugu zake walikaa kikao wakakumbuka kwamba mama hakuzaa mtoto wa kiume. Hawakumfukuza. Walianza tu kumuuliza kila asubuhi kama safari ya kwenda kwa bintiye imekwisha kupangwa. Akafunga mizigo.

Kwa mtu wa Dar hadithi ingeishia hapo: mama yuko kwa binti yake, ana chumba chake, anapumzika. Lakini kwetu mama hakai kwa mkwe. Anakuja kusalimia, anakuja binti akijifungua, kisha anarudi kwake. Mama mkwe na mkwe hawali meza moja. Hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Mume wangu alimwambia mara nyingi, "Mama, jisikie nyumbani, njoo tule," naye aliitikia vizuri huku akiangalia chini, kisha akala chakula chake jikoni, kwenye kigoda, mgongo umeelekea mlango. Mume wangu akabuni mbinu ya kuchelewa kurudi kutoka kazini ili ampe nafasi. Basi tukawa na nyumba ya watu wazima watatu wanaokimbiana kwa heshima.

Uani tuna nyasi zile fupi za kupandwa, zinazokatwa na kumwagiliwa. Mama alizitazama juma la kwanza lote. Juma la pili akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sasa ni wa siku ya ngapi, na jembe liko wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna pa kulima.

"Na hizi nyasi mnamlisha nani?"

"Ni za kuangalia, mama."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza kucheka akasema jambo ambalo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba atalisema. "Nitafutieni kibanja. Hata kidogo kiasi gani. Siwezi kuzeekea kwa mkwe, mwanangu. Watu wa kwenu watasema nimekosa hata pa kuweka mkeka."

Tukatafuta. Ndani ya mji bei hatukuiweza, na mama hakutaka kiwanja cha kubanwa na kuta. Mwishowe tukapata shamba ukiteremka nyuma ya Rebero na kupanda kilima kinachofuata, nje ya mpaka, mahali ambapo lami inaisha na vumbi jekundu linaanza. Lilikuwa na migomba ya zamani, minene, iliyosongamana, na mwenye kuuza alikuwa mzee mpole ambaye wanawe wote wamehamia mjini. Mimi na mume wangu tulisoma hati: ardhi ya kilimo. Hatukuona tatizo. Mama anataka kulima, atalima. Ataondoka asubuhi kwa basi na kurudi jioni. Ndivyo tulivyofikiri, na hakuna aliyemuuliza yeye anafikirije.

Siku ya kwenda kuliona, mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Mzee akatuzungusha, akasimama katikati ya migomba, akasema kwa Kinyarwanda kwamba hii ni ardhi ya kulima, si ikibanza. Kwa Kinyarwanda ikibanza ni kiwanja cha kujengea nyumba. Nililijua neno hilo. Nililielewa vizuri sana.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikatazama ile migomba, nikamtazama mama, uso wake ulivyokuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na nikatafuta neno la kumfurahisha. "Anasema ni shamba la migomba," nikasema. "Kibanja, mama. Umepata kibanja."

Mzee wa watu akalisikia neno. Akanitikisia kidole, akajitahidi kwa Kiswahili chake: "Hapana, mwarimu. Si kibanza. Iko ya kurima tu."

Nami nikamcheka. Nikamwambia, "Tunajua, mzee, tunajua. Sisi kwetu tunatofautisha ze na je." Hata yeye akacheka, kwa adabu. Mama alikuwa ameshapiga magoti kwenye majani makavu, anaupima udongo kwa vidole, na hakuwa akitusikiliza tena.

Sasa hapa ndipo Mswahili asiye wa kwetu anahitaji kuelezwa. Kibanja cha Kihaya si shamba la migomba. Ni migomba yenye nyumba katikati. Ni mahali unapolala, unapopikia, unapomwaga majivu na maganda ili migomba inone, na ukifa unazikwa hapo hapo kati ya mashina. Shamba lisilokaliwa na mtu lina jina jingine kabisa. Kila mtoto aliyekulia kijijini anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mimi nilikulia Mwanza katika nyumba za kupanga, na kwangu kibanja kilikuwa ndizi.

Ikawa mama anaamka alfajiri, anachukua kikapu na jembe, anashuka kupanda basi. Kinyarwanda hakukijua, lakini alirudi na habari za kila mtu: dereva wa pikipiki ana mapacha, mama jirani wa shamba anaumwa mgongo. Rangi yake ikarudi. Siku moja akaniambia anajenga kibanda. Nikamwambia vizuri, majembe yasilowe. Ilikuwa msimu wa mitihani, nilikuwa nasahihisha insha hadi macho yananiuma, na sikuuliza zaidi. Mume wangu aliuliza kama anahitaji msaada. Akajibu kupitia kwangu kwamba ana vijana wa jirani wanaofyatua matofali, na akiba yake inatosha.

Kisha akatualika. Jumapili, baada ya ibada, twende wote, naye mkwe aje. Alisema hivyo kwa kusisitiza, "naye mkwe aje," na nilipaswa kushtuka hapo.

Tukaacha gari barabarani, tukapita kwenye migomba kwa njia nyembamba aliyoifagia. Huwezi kuiona nyumba ukiwa nje. Migomba iliificha, kama inavyotakiwa kwetu. Ghafla ikawa mbele yetu. Vyumba viwili vya rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa, mabati mapya, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Ndani alikuwa ametandaza nyasi sakafuni, kama kijijini. Mama alisimama mlangoni amevaa kitenge chake cha sikukuu, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkwe wake usoni.

"Karibuni kwangu," akasema.

Mume wangu aliniangalia. Yeye ni mtu wa polepole, haongei jambo kabla hajalizungusha kichwani, lakini nilimwona ameelewa hata kabla yangu. Pamoja na hayo akainama, akaingia, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. Mama akampelekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani cha majani, ile tunayompa mgeni wa heshima, naye akaipokea kwa mikono miwili na kutafuna taratibu. Kisha mama akakaa. Akakaa chumba kimoja naye, akala naye. Kwake aliweza, maana yeye ndiye mwenye nyumba na mkwe ndiye mgeni. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Nikamwomba tutoke nje kidogo. Nikampeleka nyuma ya nyumba.

"Mama, hii ni nyumba."

"Ulidhani ni nini?"

"Ulisema kibanda!"

"Si kibanda? Vyumba viwili. Ulitaka niite ikulu?"

"Hapa hapajengwi," nikasema. "Mpaka wa mji uko kule juu. Huku ni kulima tu. Wakiiona watakuja kuibomoa. Ungeuliza, mama! Kwa nini hukuuliza?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu. "Si wewe ulisema ni kibanja?"

"Nilisema."

"Kibanja kisicho na nyumba ni kitu gani?"

Masikio yaliniwaka. Kidole cha yule mzee kilinijia mbele ya macho, na sauti yangu mwenyewe ikimcheka kwa ajili ya ze na je. Alikuwa ameniambia kwa Kinyarwanda, akarudia kwa Kiswahili, na mimi, mwenye vyeti vya lugha ukutani, ndiye niliyeligeuza. Nilitaka kumkasirikia mama, na kwa dakika kadhaa nilifaulu. Mimi aibu ikinipata huanza na hasira. Nikamwambia amenidanganya, nikamwambia hati iko kwa jina letu, nikamwambia mkwe wake ataadhirika kazini. Yeye akasikiliza yote, akasema kwa utaratibu, "Turudi ndani. Mgeni hakai peke yake."

Ndani ya gari mume wangu akasema hatutajificha. Tutalipeleka jambo hili wenyewe kwenye kikao baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuombe ushauri kabla hatujagunduliwa. Nilipompelekea mama habari hiyo, alikubali mara moja. "Nitasema mimi," akaniambia. "Nimejenga mimi, nitaomba mimi. Wewe utanigeuzia tu maneno."

Jumamosi hiyo kazi ilikuwa kule kule kwake, na tulikwenda kufanya umuganda na watu wa huko. Tulichimba mashimo na kupanda miche kando ya njia inayofuata mpaka, ili hata asiyejua kusoma ramani aone mahali mji unapoishia. Nilichimba kwa nguvu kuliko wote. Mama alipanda miche yake kwa ustadi, akiikandamizia udongo kwa kisigino, na wanawake wa pale walimzoea, walimwita Mama Tanzania. Baadaye tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa ule, alikuwa mama wa makamo aliyekulia Uganda, mwenye sauti ndogo inayowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Akauliza nani ana jambo.

Mama akasimama. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, mikono ameikunja mbele. Akaanza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Jirani zangu, mimi ni mgeni kwenu, na nina jambo la kuwaomba msamaha..."

Sikumwacha amalize. Hata sasa nikikumbuka naona aibu mikononi, vidole vinaniwasha. Nilisimama kando yake nikamkata maneno. Nikasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya darasani, kwamba kosa si lake, kosa ni langu, kwamba mama haelewi sheria za hapa, kwamba ni mimi niliyemtafsiria vibaya, na nikaanza kuwaeleza kibanja na ikibanza, maana ya kwanza, maana ya pili, jinsi maneno haya ni ndugu wa tumbo moja yaliyolelewa nyumba tofauti. Nilieleza vizuri mno. Nilikiri kosa langu kwa ufasaha kiasi kwamba nusu ya watu walikuwa wakitabasamu kwa kufurahia somo.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kiswahili, "Kumbe mwarimu wa Kiswahili ameshindwa na Kiswahili!" Wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Watu walicheka kama unavyocheka mtu akiteleza na hakuumia. Nami nikacheka, nikamshukuru Mungu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mama alikuwa bado amesimama. Lile la Kiswahili alilisikia, lakini kisa chake hakukijua. Alitazama nyuso zao, akanitazama mimi ninayecheka, kisha akakaa chini polepole na kushusha kitenge kifunike miguu.

Kiongozi hakucheka. Akamgeukia mama na kusema naye kwa Kiswahili cha kujitahidi. "Mama, pore sana. Mimi nakuerewa. Nyumba yako iko mzuri, nimesikia. Lakini huyu mpaka haiko na macho, haijui huyu ni mama mzuri na huyu ni mutu mubaya. Nikiacha yako, kesho iko na ingine, na ingine, na hapa yote itakuwa akajagari." Akajagari ni ile vurugu ya nyumba juu ya nyumba, na neno hilo kila mtu Kigali analijua, hata mama. "Kurima, rima, hakuna shida. Kurara, hapana. Tutakupa muda, mubomoe nyinyi wenyewe pore pore, na sisi tutakuja kusaidia."

Ilikuwa hukumu ya haki. Ningeiandika mimi isingekuwa tofauti. Ni maneno yale yale ninayowapa wageni nyuma ya nyumba.

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye barabara, mume wangu akatangulia makusudi. Mama alikung'uta udongo wa miche mikononi. Kisha akasema, "Umenifanya mtoto mbele ya watu."

"Nilitaka kukutetea."

"Nani alikwambia nimeshikwa? Lilikuwa kosa langu na nilikuwa nimelibeba vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri. Ukaninyang'anya, ukasimama nalo wewe, ukachekesha watu."

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango. Tulipofika mahali pa kuona Rebero, akasimama kupumzika, akaielekezea kidevu.

"Kwako ni ipi?"

Nikamwonyesha. Ukuta wetu ulionekana wazi, mweupe, wa mwisho kabisa, na chini yake mteremko mtupu.

"Kabla yenu palikuwa na nini pale?"

"Nyasi," nikasema. "Nyasi na miti."

"Kama hapo chini yake."

"Kama hapo chini."

"Basi mpango umeanzia kwenye ukuta wako."

Nilianza kumwambia kwamba haikuwa hivyo, kwamba sisi tulikuwa na kibali, kwamba mstari lazima uanzie mahali fulani na mtu fulani lazima awe wa mwisho ndani na mwingine wa kwanza nje. Yote hayo ni kweli. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu nikayaacha njiani.

Yeye ndiye aliyeendelea. Akaniambia kwetu pia kuna mahali hapajengwi. Panaitwa rweya: uwanda wa nyasi nje ya vibanja, wa kijiji kizima, watu wanakata nyasi za kutandika ndani na kuchunga ng'ombe, na mtu akienda kujenga huko husemwa yeye na watoto wake. "Nyasi zile nilizowatandikia siku ile nilikata hapo mteremkoni," akasema. "Sikujiuliza kwa nini pako wazi. Kumbe nimejenga rweyani, mwanangu. Mimi, mtu mzima." Na nilimwona uso wake ukiingiwa na kitu ambacho nilidhani ni changu peke yangu. Hakuwa na hasira na mpaka wala na kiongozi. Alikuwa anaona haya, kwa kosa ambalo hakulifanya, na sikuwa na njia ya kumvua aibu hiyo.

Siku ya kubomoa tulifika mapema, mimi na mume wangu, na tukamkuta anafagia. Alikuwa ameshatoa nyasi za sakafuni, ametoa mkeka na masufuria, na sasa anafagia vumbi kwenye pembe za nyumba ambayo itakuwa chini kabla ya saa sita. Nikamwuliza anafanya nini. "Siwezi kuwakabidhi watu nyumba chafu," akasema. Majirani wakaja na majembe, yule mzee aliyetuuzia naye akaja, akanisalimia kwa heshima na hakunikumbusha neno lolote. Mabati yalishuka kwanza, mlango wa bluu ukafuata. Kuta za udongo hazina ubishi. Ziliangushwa, zikapondwapondwa, mama akaelekeza udongo upelekwe kwenye mashina ya migomba. Watu walifanya kazi kwa utani, kama umuganda mwingine wowote, wakanywa maji, wakaaga. Mume wangu alibaki amesimama pale palipokuwa na kigoda chake. Nilidhani ameona kitu chini, lakini alikuwa analia.

Sasa mama anakaa kwetu. Analima kule mchana, kwa ruhusa, na ndizi zake ni nzuri kuliko za sokoni. Jioni anarudi kwa basi. Anakula jikoni kwenye kigoda, mgongo kwa mlango. Nilimchongea funguo za geti na za mlango wa nyuma, nikaziweka kwenye kamba nyekundu asizipoteze, na anazitembeza shingoni kila siku. Geti anafungua. Lakini akifika mlangoni husimama, anaweka kikapu chini, anasema, "Hodi." Anangoja mpaka mtu aseme karibu.

Nimemwambia mara ngapi. Mama, mtu hapigi hodi kwake. Anajibu, "Ndiyo, mwanangu," na kesho yake anapiga hodi.

Juzi nilichoka. Ilikuwa jioni, mvua imeanza, mume wangu hajarudi. Nikasikia geti, nikamsikia anapangusa miguu. "Hodi," akasema. Nikakaa kimya pale pale kwenye kochi, makusudi. Nilitaka mvua imlazimishe. Nilijiambia ana ufunguo shingoni, mlango hata haujafungwa, leo ataingia kama mtu wa humu na kesho atakuwa amezoea. "Hodi," akasema tena, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha. Mvua ikaongezeka juu ya bati la kibaraza. Nikashika mkono wa kochi nisisimame.

"Hodi."

Hiyo ilikuwa ya tatu, na kila mtu anajua ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Nikamsikia ananyanyua kikapu. Nikasikia hatua zake zinashuka ngazi, zinaelekea getini, polepole, bila kinyongo, za mtu aliyekuta watu hawapo. Nikakimbia, nikafungua mlango kwa nguvu, nikapiga kelele, "Karibu! Mama, karibu! Karibu!"

Akageuka. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye kilemba. "Nilidhani hamjarudi," akasema. Akapanda tena, akavua viatu, akaviweka kando ya mlango mahali ambapo havitamzuia mtu, na alipopita mbele yangu akaniambia ahsante.